Kidege Kilichoamkia Wakubwa

Kidege chetu kilipoanguka kwenye shamba la alizeti kule Nangara, kila mtu Babati alikuwa na sababu yake. Mimi ndiye niliyekuwa na sababu ya kweli, na mimi ndiye niliyenyamaza. Nilinyamaza siku nne. Siku hizo zote kulikuwa na mzee wa watu anasubiri kupelekwa polisi kwa kosa langu.

Nianze na kazi yenyewe. Nilikuwa na mkataba na mradi mmoja wa kulinda ziwa, na kazi yangu ilikuwa kurusha droni, ile ndege ndogo isiyo na rubani, yenye mapanga manne na kamera tumboni. Kila alfajiri niliipeleka juu ya ziwa kutazama kama viboko wamesharudi majini au bado wamo kwenye mahindi ya watu, na kama kuna mtu ametega nyavu zilizokatazwa. Kisha niliipitisha juu ya mashamba ya Nangara, nikairudisha. Sokoni waliiita mbung'o kwa sababu ya mlio wake. Jina hilo lilinikera, na mimi nikikereka huwa sifichi. Nilishawahi kumwambia muuza nyanya mmoja kwamba mbung'o ni yeye.

Lakini jamani, asubuhi zile. Nilikaa kwenye kigoda karibu na maji, blanketi mabegani, macho kwenye kioo cha rimoti, na baada ya dakika chache nilikuwa sipo pale tena. Mwili ulibaki chini ukisikia baridi, mimi niko juu. Ukungu ulikuwa umelala juu ya ziwa, na pale ulipochanika niliona migongo ya viboko ikizama na kuibuka polepole, kimya kabisa, maana kamera ile ilileta picha tu, haikuleta sauti. Mitumbwi ya wavuvi ilikuwa midogo hadi nikaionea huruma. Moshi wa majiko ya Nangara ulipanda ukanifikia, na naapa kuna siku nilisikia harufu yake puani. Mwenzangu wa zamu aliponigusa bega kuniambia chai imeiva, nilishtuka kama mtu aliyeanguka kitandani.

Sasa, nyumba ya mama yangu iko Nangara, na njia ya kidege ilipita juu yake. Mara ya kwanza nilipomwona mama kutoka kule juu alikuwa anafagia uwanja, mgongo umepinda kuliko nilivyozoea kuuona nikiwa chini. Nikampita. Siku nzima nilikosa raha. Kwetu mtu hapiti mlangoni kwa mama yake asubuhi bila kumwamkia, hata kama anakimbilia basi. Nami nilikuwa nimempita, tena juu ya kichwa chake. Kesho yake nikakisimamisha kidege hewani mbele ya uwanja, nikakiinamisha kidogo, nikakiinua. Ndiyo ilikuwa shikamoo yangu. Mama akaacha ufagio, akatazama juu, akainua mkono. Jioni alinipigia simu kuniambia kwamba ameitikia marahaba, ila kidege changu kinamtishia kuku.

Ingeishia hapo, isingekuwa na neno. Lakini mama aliwasimulia wenzake, na jirani wa ukuta kwa ukuta akanikuta sokoni akanilalamikia kwamba namwamkia mama yangu halafu nampita yeye, kana kwamba si yeye aliyenibeba mgongoni. Alikuwa na haki. Nikaanza kumwinamia na yeye. Akafuata mke wa mwinjilisti. Akafuata bibi mmoja mwenye ng'ombe wawili, ambaye kila asubuhi alitoka nje na fimbo yake akasimama akisubiri zamu yake ifike. Ukishamwamkia mkubwa mmoja huwezi kumruka mwingine, hilo hata mtoto wa darasa la kwanza analijua. Wa mwisho kwenye njia alikuwa mzee mjane, mwenye lile shamba la alizeti, aliyeshinda humo na kombeo akifukuza ndege. Huyu hakuinua mkono hata siku moja. Kidege kikifika, aliingia ndani. Nikadhani ni macho yake, au ni haya tu, basi nikazidi kumngojea. Kuna asubuhi nilikisimamisha mbele ya mlango wake hadi nikakata tamaa.

Miezi miwili ilipotimia nilikuwa na vituo kumi na kimoja. Kidege kilikatiza Nangara kikiinama na kuinuka, na mimi kwenye kigoda nanong'ona shikamoo, shikamoo, bila kujijua. Mwenzangu alinicheka akasema nimekuwa mgombea udiwani. Nilimwambia anywe chai yake. Sijawahi kuwa na furaha ya namna ile kazini.

Betri, lakini, haina adabu. Ina dakika zake, na kusimama hewani kunakula chaji kama vile kwenda. Nililijua hilo vizuri. Kila siku niliona alama ikigeuka nyekundu nikiwa bado njiani, na kila siku nikajiambia kitafika. Asubuhi ile upepo wa upande wa mlima Kwaraa uliamka mapema. Kidege kilikuwa kimeshamaliza kuamkia watu, kinaanza kurudi, na upepo ukakikabili usoni. Nikaona kwenye kioo kinasukuma na hakisogei. Chini yake alizeti zilikuwa zinayumba zote upande mmoja, kisha zote upande mwingine, na mimi badala ya kukishusha taratibu nilikuwa nimezikodolea macho tu, nimelewa. Kisha zikaanza kuwa kubwa. Zikawa kubwa zaidi, ua moja likajaza kioo chote kwa unjano wake, kioo kikawa cheusi. Nilikaa vile vile kwa muda, mikono kwenye rimoti, nikisubiri picha irudi.

Basi watu wakaanza. Vijana wa bodaboda pale stendi walisema ni mnara wa simu, mtandao umekivuta, na mmoja alikuwa tayari kuweka buku kumi kwamba kesho utavuta kingine. Fundi redio alisema ni mwewe, maana mwewe hapendi mgeni angani kwake. Mama mmoja anayeuza perege alisema ziwa limechoka kuchunguliwa. Alisema hivyo polepole huku anapaa samaki, na mimi nilikaribia kumwamini, maana hata mimi nilikuwa nimewahi kuhisi maji yale yananitazama. Kutoka Mutuka ikaja habari kwamba ni viboko, wamekitemea. Mwenye duka la sola, mtu wa swala tano na maneno machache, hakusema sababu yoyote. Aliniuliza tu kidege kilikuwa kinasimama hewani kwa muda gani kabla ya kurudi. Nilimjibu vibaya, nikaondoka bila kuchukua chenji yangu.

Lisemwalo lipo, wanasema. Mkuu wa mradi yeye alitaka lililo mkononi. Walipokwenda kukiokota kidege walikikuta kimevunjika panga, ubavu umebonyea, na hatua chache kutoka pale kuna jiwe la ukubwa wa limau. Mwenye shamba ni mzee wa kombeo. Wakamwita ofisini, wakamuuliza. Angeweza kukataa, na hakuna ambaye angembishia, lakini akasema, kwa Kiswahili chake cha taratibu chenye lafudhi ya Kigorowa, kwamba ni kweli asubuhi ile alirusha mawe, na huenda jiwe lake ndilo lililokiangusha. Mkuu akaandika. Akamwambia arudi siku ya tano waende pamoja polisi.

Nilikuwepo pale ofisini hayo yakisemwa. Nilikuwa nimesimama dirishani, na kumbukumbu za safari zilikuwa kwenye kompyuta ninayoifungua mimi peke yangu, zinazoonyesha betri ilikwisha kidege kikiwa bado kizima. Nikasema moyoni nitasema kesho. Mkataba wangu ulikuwa unaisha mwezi ule, na niseme ukweli, si mshahara nilioulilia. Zilikuwa zile asubuhi. Nilikuwa naogopa kubaki chini maisha yangu yote. Niliona aibu na bado nikanyamaza, na siku ya pili ikawa rahisi kuliko ya kwanza.

Siku ya nne alasiri nilikwenda kwa mama. Alikuwa anachambua mbaazi kwenye ungo. Nilimweleza yote, kuanzia yeye hadi yule mzee, na nikategemea atanitetea, maana mama yangu hunitetea hata nikiwa na makosa. Hakuinua uso. Alichambua, akapuliza makapi.

"Yule mzee ulikuwa unamwamkia ukiwa juu," alisema. "Sasa uko chini unamkimbia?"

Kesho yake nilifika ofisini kabla ya watu. Siku za mwizi ni arobaini, zangu zilitosha nne. Mzee alikuja na koti, kofia mkononi, amejiandaa kama mtu anayesafiri. Nikafungua kompyuta mbele yake na mbele ya mkuu, nikawaonyesha ule mstari wa betri unavyoshuka, na vile vituo kumi na kimoja, kimoja kimoja, na dakika zake. Mkuu aliuliza vituo hivyo ni vya nini. Nikamwambia. Hakuelewa, alikuwa mtu wa mkoa mwingine, au labda alielewa ila hakuamini, akanitaka nirudie. Nikarudia: nilikuwa naamkia watu. Akaweka kalamu chini akasema nikabidhi funguo. Nilikuwa nimeshazitoa mfukoni.

Nilimgeukia mzee nikitegemea nitaona amepumua. Alikuwa anatazama kioo cha kompyuta, kile kituo cha mwisho, cha kwake, kirefu kuliko vyote.

"Kwa hiyo sikukipiga," alisema.

"Hukukipiga, baba. Betri ilikwisha."

"Nilikilenga kwa nguvu zangu zote."

Mkuu akashika tena kalamu. Mimi nikauliza kwa nini, nikiwa sijui kabisa, nikimwambia kwamba nilikuwa nakuja kumwamkia tu, kama wengine.

"Mtu akiamkia husubiri aitikiwe," alisema. Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo. "Wewe sauti yangu ungeisikia wapi? Mimi nilijua kuna jambo nachunguzwa. Bafu langu ni la magunia, halina paa. Mwezi mzima naoga ndani, kwenye beseni, gizani, nimefunga dirisha."

Akavaa kofia yake, akauliza kama anaweza kwenda, mkuu akamjibu kwamba anaweza. Nilimfuata hadi mlangoni. Alivuka barabara taratibu akipisha bajaji. Nilitoka pale sina kazi, na kazi ile niliipenda kuliko kitu chochote nilichowahi kufanya, lakini haijaniuma hata robo ya lile beseni.