Namna ya Kumwinua Mke

Mzee Tani aliendesha lori la saruji hadi nywele zikamwisha kichwani. Jina hilo alipewa na makuli wa bohari, naye akalipenda. Siku aliyomwangusha mkewe kati ya kitanda na kiti, lilimwelemea.

"Miaka yote ukijisifu umebeba tani thelathini," mkewe alimwambia kutoka sakafuni, mdomo ukimwenda upande, kama ulivyokuwa tangu kiharusi kimpige. "Kumbe lori ndilo lililobeba."

Hakucheka. Alikaa chini kando yake, mgongo ukimwaka moto, wakasubiri jirani apite wamwite.

Binti yao, mshonaji katika mji mwingine, aliposikia hakuuma maneno. "Baba, mwisho wa mwezi nakuja kumchukua Mama. Wewe mwenyewe siku hizi ni wa kubebwa."

Mzee Tani alijaribu kuifikiria nyumba isiyo na mtu wa kumwambia chai imezidi majani. Akashindwa.

Ndipo alipomwajiri kocha. Alikuwa mwanamke wa makamo, mnene kiasi, mwenye raba zilizochakaa. Zamani alifundisha michezo shuleni. Sasa huwafuata wazee majumbani mwao kuwafanyisha mazoezi. Siku ya kwanza alimwambia akae kitini, asimame bila kushika kitu, akae tena.

"Mwalimu, nimekuita unifundishe kukaa?"

"Kukaa unajua, mzee wangu. Kusimama ndiko umesahau."

Wiki zilikuwa ndefu. Alichoka kabla ya kuanza, akianza alichoka zaidi, na akimaliza, kazi za nyumba zilikuwa palepale zikimngoja: beseni, mashuka, birika mekoni. Mkewe alimpigia kelele kutoka kitandani, "Inuka, Tani! Breki zimeshika?"

Siku moja mzee alimwambia kocha arudi alikotoka. Kocha hakubisha. Alikaa barazani, akangoja hasira zipoe.

"Kwa umri wako misuli haina subira," alisema hatimaye. "Ukiilaza siku mbili, yenyewe inalala wiki. Peke yako ungekuwa umeshaacha."

"Nimeshaacha."

"Basi simama, tuache pamoja."

Akasimama. Hakuwa na nguvu za kubishana na kukaa kwa wakati mmoja.

Taratibu miguu ikaanza kumtii. Lakini kila alipomwinua mkewe, bado aliteleza. Kocha akaomba aone. Mzee alimshika mkewe makwapani, mikono kainyoosha, kifua kakiweka mbali, uso kaugeuzia ukutani.

"Unamshika kama gunia la watu," kocha alisema. "Ndiyo maana mgongo unalia. Msogeze kifuani. Mkumbatie, halafu miguu ifanye kazi."

"Mbele yako?"

"Mimi naangalia dirishani."

Katika ndoa yao watoto walizaliwa, wakakua, wakatawanyika, wala hapakuwa na jicho lililowahi kuwaona hata wameshikana mikono. Alimkumbatia masikio yakimwaka. Mkewe akanyanyuka, mwepesi kuliko siku zote.

"Kumbe unanukia sabuni," alisema begani kwake.

Mwisho wa mwezi binti alifika mchana, begi tupu la nguo za mama yake mkononi. Hata kukaa hakukaa. "Mama, sema mwenyewe. Unataka nini?"

"Nataka chooni."

Binti akasogea, baba yake akamzuia kwa mkono. Alikunja magoti mbele ya mkewe. Macho ya mwanawe aliyahisi mgongoni, na aibu ya miaka ikamrudia. Mikono ikanyooka yenyewe, kifua kikabaki mbali. Mkewe aliinuka nusu, akaanza kuteleza.

"Baba, mwache, utamvunja!"

"Acha kuona haya, mzee," mkewe alimnong'oneza. "Kwani huyu tulimpata wapi?"

Mzee akamvuta kifuani. Kidevu cha mkewe kikatua begani kwake, magoti yakajikunjua polepole, wakasimama. Walibaki hivyo kitambo, mzee akihema, kisha akamgeuza kuelekea mlangoni. Binti alitangulia kuwafungulia, uso kauinamisha, asijue aangalie wapi.

Waliporudi, begi lilikuwa limekunjwa.

"Mwezi ujao nitakuja kuwaona," binti alisema. "Kuwaona tu. Lakini Baba, yule kocha asiache kuja."

"Haachi," alijibu, kwa sauti ya mtu aliyepewa kifungo.

Binti alipoondoka, mzee alikaa ukingoni mwa kitanda. Hakuhisi ushindi, alihisi magoti. Kesho ni kumwinua, keshokutwa ni kumwinua, na katikati ni mazoezi, asijue yataisha lini.

Mkewe alitaka kugeuzwa. Bega alilolalia lilikuwa limeanza kumuuma. Alifungua mdomo amwite, akaona mumewe amesinzia palepale alipokaa, kichwa kikimwangukia kifuani.

Akanyamaza, akavumilia bega lake.