Maji ya Kupima Hayaonjwi

Aibu yangu hii inajulikana kuanzia Kemondo mpaka Muleba, kwa hiyo bora mnisikilize mimi mwenyewe kuliko kuisikia kwa waendesha bodaboda, ambao kila siku wanaiongezea chumvi. Lakini niacheni nianzie mbali kidogo, nyumbani kwa baba yangu, ambako katika hadithi hii hakuna maji hata tone, kuna rubisi tu, ile pombe yetu ya ndizi.

Siku hiyo walikuja wazee wa upande wa kijana aliyemtaka dada yangu. Baba akanituma nimpe mkubwa wao kibuyu. Shule nilikuwa nimeshaacha (darasa la tatu lilinishinda, au mimi nililishinda, sijui), nilikuwa mtu wa haraka, nikamkabidhi mgeni kibuyu bila kupiga funda la kwanza mbele yake. Na kwetu Wahaya anayetoa kinywaji anaonja kwanza, mgeni aone hakuna sumu. Yule mzee alikitazama kibuyu, akakiweka chini taratibu, akachukua fimbo yake, akatoka. Hakurudi tena. Dada aliolewa kwingine, tena mbali (na mpaka leo akipata kidogo kichwani ananikumbusha). Baba hakunipiga. Alisema tu, "Byabato, mkono wako usimpe mtu kitu ambacho mdomo wako haujakionja." Tangu hapo nimeonja kila kitu, chai ya padri, uji wa mgonjwa, hata dawa ya kikohozi ya mjukuu wangu.

Sasa tuje kwenye maji.

Kioski chetu cha maji kilifungwa baada ya watoto wengi kuharisha. Sisi kamati ya maji (mimi walinichagua kwa ajili ya mvi, siyo kwa kusoma) tukamwaga tangi, tukalisugua, na fundi wetu wa maji, binti anaitwa Devotha, akatia klorini. Lakini bomba lisingefunguliwa mpaka maabara ya mjini Bukoba iseme maji ni salama. Wakati huo wanawake wanateremka kwenye kijito bondeni, mke wangu Ma Koku naye yumo, na mgongo wake ule, anapanda na ndoo akisimama kwenye kila mgomba kupumua. Jioni moja aliitua mlangoni akasema, "Ta Byabato, ninyi mnakaa vikao, sisi tunabeba." Majirani walisikia. Nikaapa mbele yao kwamba bomba litafunguka hata kama nitakwenda mjini kwa miguu.

Devotha akaja asubuhi, akaunguza mdomo wa bomba kwa moto, akaacha maji yakimbie, akajaza kichupa na kukitia kwenye kiboksi chenye barafu. Mara simu, bomba kubwa limepasuka upande wa Muleba, anatakiwa huko, na maji yale lazima yafike maabara siku hiyohiyo. Hapo ndipo nilipojiponza.

"Nipe mimi, mwanangu."

"Baba, utaweza? Usikifungue. Usiguse kifuniko."

"Nimebeba mayai mpaka Biharamulo kwa baiskeli, nitashindwa na kichupa?"

Nikapanda bodaboda nimekumbatia kiboksi kama kitoto kichanga, natafuna punje zangu kavu za kahawa (msinilaumu, Mhaya bila kahawa mdomoni safari haiendi). Maabarani nikakuta watu wamepanga foleni, kila mmoja na maji yake. Zamu yangu ilipofika, mama mmoja wa makamo mwenye koti jeupe akanyoosha mikono miwili, akainama kidogo kama mtu aliyelelewa, akanikaribisha kwa neno letu la heshima, "Karibu, waitu. Umetuletea maji?"

Angenifokea, ningempa na kuondoka. Lakini heshima ile! Mkono ukafungua kifuniko wenyewe, nikapiga funda, nikajifuta mdomo, nikampa kwa mikono miwili. "Pokea, mama. Ni mazima."

Hakupokea.

"Mzee... umeyanywa?"

"Kidogo tu. Mengi nimewaachia."

Nyuma yangu mwalimu mmoja aliyeleta maji ya shuleni kwake akageukia ukutani, mabega yanamtikisika.

"Baba, hapa tunatafuta vijidudu ambavyo jicho halivioni," mama akasema. "Sasa tutapata vya kinywani mwako. Na hiki ni nini?" Akakiinua kichupa kwenye mwanga. Ganda la kahawa lilikuwa linaogelea.

Ningeondoka hapo ingekuwa nafuu, lakini nilikuwa nimeapa. Nikaomba kichupa kingine kitupu nirudi nacho. Akanipa. Nikaona chini kuna unga mweupe umeganda, nikasema moyoni, hawa nao, makoti meupe lakini vyombo hawaoshi, nikaenda kwenye sinki lao nikakisuuza vizuri, nikakipuliza ndani kikauke.

"Mzeee!" mama akapiga kelele. Kumbe ule unga ndio unaoizima klorini, isije ikaendelea kuua vijidudu njiani, wakapima na kudanganyika kwamba bomba lilikuwa safi. Mfanyabiashara mmoja wa mtaa wa Bilele akasema kwa sauti, "Mama, mpeni huyu ajira. Anaonja na vyombo anaosha." Foleni nzima ikaangua kicheko.

Niliporudi nyumbani, habari zilikuwa zimenitangulia kwa simu ya bodaboda. Watoto barabarani: "Onja! Onja!" Ma Koku hakucheka. Aliniangalia, akachukua ndoo, akateremka bondeni. Hilo ndilo liliniuma.

Kesho yake Devotha akajaza tena, akasema, "Safari hii napeleka mwenyewe."

"Hapana. Niliyeapa ni mimi."

Akakizungushia kichupa plasta mpaka kikafanana na kidole kilichokatwa. Njia nzima sikutafuna kahawa, sikujibu hata salamu. Yule mama akanyoosha mikono vilevile, "Karibu, waitu," na alijua anachokifanya! Nikahisi vidole vinatafuta kifuniko. Nikakitua kiboksi mezani, nikaifungia mikono yangu mgongoni. "Toa mwenyewe," nikamwambia.

Majibu yakaja: maji ni salama.

Siku ya kufungua bomba wakubwa wa maji walikuja, na mama wa maabara akiwemo. Lakini wanawake walinusa yale maji wakarudi nyuma, wanasema yananuka dawa. Devotha akajaza kikombe, akaniletea mbele ya watu wote. "Baba, onja wewe kwanza wakuone."

"Onja! Onja!" Watoto walianza, wakubwa wakaitikia, mmoja wao alicheka mpaka miwani ikamdondoka. Nikapiga funda. Dawa ilinuka kweli, lakini yalikuwa maji. Nikampa Ma Koku kikombe kwa mikono miwili. Akakimaliza chote, akasogeza ndoo yake chini ya bomba, na wenzake wakapanga za kwao nyuma yake.

Kuonja nitaonja mpaka nife, ila kichupa cha kupima sitakishika tena. Siku ileile mwenyekiti wa kamati alikuwa ananitafutia kiti cha mbele, na mama wa maabara anakuja kwangu na ile mikono yake miwili, nikajua nikikaa watanipa kichupa kingine. Nikachukua fimbo yangu, nikatoka taratibu. Wakaniita, sikugeuka, nikapita zangu katikati ya migomba, na kwenye kamati ile sijarudi mpaka leo.