Plake za Filme Nisizoziona

Nilikuwa na masanduku kumi na saba ya plake za muziki wa filme, na kati ya filme hizo kumi na saba sikuwa nimeona hata moja.

Mimi nauza vipuri vya pikipiki mjini Butembo. Kazi hiyo hunipeleka Dubai mara moja moja, na safari moja, nikitafuta cheni na mabuji, yaani plagi za injini, niliingia butike fulani ili kukimbia jua. Humo nikaona sanduku zito, jeusi, lenye maandishi ya dhahabu. Nilidhani ni biskuti. Muuzaji akanifungulia: ndani mulikuwa na plake mbili, santuri kama zile walizochezea baba zetu, ila hizi zilikuwa mpya na rangi yake ya maziwa. Toleo la deluxe, alisema. Kulikuwa na kitabu cha picha, na barua ya kushuhudia kwamba plake ni za kweli, na namba imepigwa muhuri: 412. Kwamba masanduku kama lile yalikuwa machache dunia nzima, na la mia nne na kumi na mbili lilikuwa likiningoja mimi, mtu wa Butembo, jambo hilo lilinigusa kuliko ubatizo wangu.

Hivyo ndivyo nilivyopatwa. Baada ya miaka michache chumba tulichokuwa tunawekea maharagwe kilikuwa chumba cha plake, na mashine ya kuzipiga katikati. Anayejua Butembo anajua vumbi lake, basi kila sanduku nililivika plastiki, na mimi mwenyewe nilivaa glovu nyeupe, zile za wabeba sanamu kwenye maandamano ya parokia. Nilikuwa nimeziazima. Sikuzirudisha.

"Papa batoto," mke wangu aliniambia siku moja, "ile sanduku iko na plastike, na juu ya plastike umeweka plastike ingine. Batoto yako banaenda ku masomo, mvua inabapiga, hapana hata koti."

Nilimwambia mtoto akilowa anaanikwa, lakini plake ikilowa imekwisha. Akaenda zake jikoni.

Aliyenielewa ni mmoja tu, rafiki yangu wa Beni, Mwislamu, mwenye malori yanayonibebea mizigo kutoka mpakani. Wote humwita Hadji. Alikuja kwangu kunywa chai, akaona masanduku, chai ikapoa. Mwaka haukuisha naye alikuwa na tisa. Moja lilikuwa na namba 87. Alikuwa akinipigia simu asubuhi, nikidhani lori limeharibika, kumbe ananiambia tu: "Makumi munane na saba inasalimia mia ine na kumi na mbili."

Taabu yangu ilianza na wageni. Mgeni akiisha kunawa mikono, maana nilidai wanawe, na akiisha kutazama sanduku bila kuligusa, anauliza swali lile lile: "Na hii filme inasema nini?" Mwenye namba 412 hawezi kujibu kwamba hajui. Kwenye jalada la plake, ndani ya sanduku lile la 412, kulikuwa na picha ya mwanamke mwenye koti jekundu, amesimama peke yake kwenye stesheni ya treni, theluji inaanguka. Basi nikasema anamngojea bwana yake aliyeenda vitani. Kwa mgeni wa pili nikaongeza barua iliyopotea. Kwa wa tatu nikaongeza mama mkwe mkali. Mwishowe bwana alirudi kwa treni nyingine, wakapishana, wakatafutana, na plake ilipofika upande wa tatu, pale violini zinapoanza polepole, ndipo wanaonana. Nililia mwenyewe nikisimulia.

Padri wetu alikuja, akasikiliza pande zote nne, na Jumapili iliyofuata akahubiri juu ya uvumilivu wa mama yule wa stesheni. Waumini waliguna kwa huzuni. Mimi niliinamisha kichwa, na jirani zangu wa benchi wakadhani ninasali.

Hadji naye aliibeba hadithi mpaka Beni, akamsimulia mama yake. Mama huyo alikuwa mzee, macho yake yamepungua nguvu, na masikio ndiyo yaliyombakia. Akatuma neno: anataka kusikia plake ile, na kisa chake, kutoka kinywani mwa mwenyewe.

Nilipanda taksi na sanduku mapajani, nimelifunika blanketi. Kwenye kizuizi kimoja askari aliinama dirishani.

"Mutoto iko mugonjwa?"

"Hapana, chef. Ni plake."

"Plake ya nini?"

"Ya filme."

"Na filme iko wapi?"

"Haiko, chef. Ni muziki tu."

"Mashini ya kuipiga?"

"Iko Beni."

Aliwatazama abiria wenzangu, kama vile anawauliza kama wananijua. "Pita, papa," alisema, kwa upole ambao sijapata kuusikia kwenye kizuizi. Hakuomba kitu.

Nyumba ya Hadji iko upande wa Ruwenzori. Baada ya sala ya alasiri walikusanyika sebuleni: mama, ambaye nyumba nzima humwita koko, yaani bibi, kwenye kiti chake, Hadji karibu na mashine, wajukuu mkekani, wakaza wana wa Hadji mlangoni. Nilivaa glovu. Watoto wakaacha kucheza, labda walidhani kuna mtu atatahiriwa. Nikaweka upande wa kwanza, nikaanza.

"Masikini," alisema mama, barua ilipopotea. "Na ule mama mukwe, hapana hata kumupatia chai?"

"Hapana hata chai, mama."

"Mubaya yule!"

Nilipogeuza plake niliiinua juu kwa mikono miwili, kama padri. Upande wa tatu, violini zikaanza, nikamshusha bwana kwenye treni. Mama alijipangusa macho kwa mtandio. Hadji akakohoa.

Hapo mkaza mwana mmoja akainua kidole kama darasani. Alikuwa muuguzi, amesomea Kampala.

"Papa, pardon. Mi nilionaka ile filme."

"Pengine ulionaka ingine," nilisema.

"Koti mwekundu, gare, theluji. Njo yenyewe. Lakini hapana ya bwana na bibi. Ule mama ni munganga ya banyama. Anashuka ku treni, anaenda ku kijiji kutunza ngombe. Ngombe zilikuwa zinakufa."

"Ngombe?" aliuliza Hadji.

"Ngombe, papa."

"Na bwana yake?" aliuliza mama.

"Hana bwana, koko. Iko na mbwa."

Plake iliendelea kuzunguka. Nikasema, kwa sauti ya mtu aliyesoma, kwamba filme kubwa zina maana nyingi, na kwamba pengine ng'ombe ndiye bwana. Hata watoto walinitazama.

Asubuhi yake Hadji mwenyewe alienda sokoni, kwa wale wanaonakili filme kwenye kle, vile vijiti vya USB, akarudi nayo. Tulifunga mapazia, tukakaa mbele ya televisheni, mimi na sanduku langu mapajani. Mkaza mwana alikaa karibu na mama ili amweleze kinachopita.

Nilingojea muziki wangu. Ukaja, na mara ile ile mwanamke wa koti jekundu akaanza kuongea juu yake. Anaongea nini? Anauliza choo kiko wapi. Muziki ukaja tena, mtu akapiga mlango. Mara ya tatu mbwa akabweka mpaka ukaisha. Nyumbani nilikuwa na pande nne za muziki safi, uliopigwa na watu wengi wenye kulipwa, na hawa wanatembea juu yake na viatu!

"Banyamaze!" nilisema.

"Ni filme, papa," alinijibu mkaza mwana. "Batu banaongeaka."

Kisha nikazisikia violini. Nilizijua kabla ya sauti ya pili. Nilisogea mbele kwenye kiti, na kusema kweli, ingawa nilikwisha ambiwa yote, nilikuwa bado na tumaini. Pale kwenye skrini mganga alikunja mkono wa shati, akauingiza mkono nyuma ya ng'ombe mpaka begani, akaanza kuvuta ndama. Alivuta muda wote wa violini. Hakuna muziki mwingine uliopigwa mpaka mwisho katika filme ile, huo tu. Hadji alianza kutetemeka, akainuka, akatoka, na tukamsikia nje akicheka, ameegemea ukuta.

"Kandama kanatoka?" mama aliuliza.

"Kametoka, koko. Kazima."

"Alhamdulillahi."

Ilipoisha akageuza uso upande wangu. "Na ule bwana?"

"Hayuko, mama. Nilimutunga mwenyewe."

"Toka siku mutoto wangu alinielezaka," alisema, "minamuombea dua, afike muzima."

Hakusema kwa hasira. Mimi nimetukanwa na watu wa forodha, nimetukanwa na madereva wa pikipiki ambao cheni zao zilikatika siku ya pili, na hakuna aliyenifanya nitamani kuingia chini ya kiti. Nikamwomba radhi. Akaniuliza kama nimekula. Nilipotaka kushika sahani ndipo niligundua kwamba nimetazama filme nzima na glovu mikononi.

Niliporudi Butembo nilimwendea padri, nikamweleza kila kitu, mpaka ndama. Akafunga mlango.

"Umeelezaka mutu mwingine?"

"Beni banajua bote, padri."

"Beni iko mbali," alisema. "Hapa, ule mama angali ku gare. Hata nilitaka kumurudisha ku mahubiri wakati ya Avent, mbele ya Noeli."

Basi nikaacha kusimulia. Mgeni akiuliza filme inasema nini, nilijibu sijui, na nilishangaa jinsi wageni walivyo na shughuli nyingi. Wengi hawakufika upande wa pili.

Miezi kadhaa baadaye mama wa Hadji aliniita tena. Safari hii plake ilikuwa ya Hadji, namba 87 yenyewe, rangi yake ya bluu, na juu ya jalada hapakuwa na mtu, ni mistari tu. Tulikaa vile vile.

"Leo hapana kueleza," aliniambia mama.

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusikiliza muziki wa filme bila kutafuta la kusema, na mwanzoni mikono yangu ilikosa kazi. Baadaye nilisahau. Hadji aligeuza plake. Wajukuu wawili walilala. Ilipofika mwisho mama aliinamisha kichwa upande mmoja.

"Hii ni ya mvua," alisema.

Mkaza mwana akatoa telefone, akaanza kutafuta filme hiyo inasema nini. Hadji akamwambia aende kutuchemshia chai. Nami nikasema haraka kwamba kweli, chai ingefaa.