Useja wa Miezi Mitatu Mitatu

Katika muda wa mwaka mmoja na miezi minne, serikali ilithibitisha mara nne kwamba mimi ni mseja. Serikali yenyewe haikuwa na hakika kama ni serikali, maana upande wa pili wa vita kulikuwa na nyingine, lakini juu ya useja wangu haikuyumba. Ilipiga muhuri.

Hayo yalikuwa Bukavu, wakati wa vita vya pili vya Kongo. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, naishi mtaa wa Nguba kwa dada mkubwa wa mama yangu. Nilimwita mama mkubwa, na ndivyo alivyokuwa, kwa umri na kwa umbo. Wazazi wangu walikuwa Kamituga, na barabara ya Kamituga ilikuwa imefungwa na watu wenye bunduki ambao kila mwezi walikuwa wengine. Mimi nilikuwa naandika hadithi katika madaftari ya shule. Chuo kimoja cha Ubelgiji kilisoma tatu kati ya hizo, kikanikubali kusoma fasihi, kikaahidi kunishikia nafasi hadi mwaka wa masomo unaofuata, si zaidi. Kilichobaki kilikuwa viza tu. Nilisema hivyo kwa mdomo wangu mwenyewe: viza tu.

Ubalozi wa Ubelgiji uliotuhusu ulikuwa katika mji mkuu wetu, na mji mkuu wetu ulikuwa upande wa pili wa vita. Kwa hiyo faili langu lilipelekwa ubalozi wao ulioko nchi jirani, mikononi mwa mtawa mmoja aliyevuka mto Ruzizi kila mwezi kwenda kuchukua dawa za dispensari ya parokia. Alikuwa mtawa mfupi, mwenye haraka, na askari wa mpakani walimwogopa kwa sababu aliwaombea kwa sauti. Faili langu lilisafiri kati ya maboksi ya dawa. Nadhani lilifika likinuka hospitali.

Ubalozi ulikuwa na sheria moja ambayo sikuitilia maanani mwanzoni. Siku faili litakapofunguliwa, karatasi yoyote ndani yake isiwe imezidi miezi mitatu. Cheti cha afya, cheti cha mwenendo mwema, hata cheti cha kuzaliwa: baada ya miezi mitatu walitaka uthibitisho mpya kwamba nilizaliwa. Kuzaliwa kulikuwa rahisi, karani wa komuni, yaani ofisi ya manispaa, alinakili tu kutoka kwenye kitabu. Kilichosumbua kilikuwa cheti cha useja, kwa sababu kilihitaji mashahidi wawili wasimame mbele yake na kuapa.

Shahidi wa kwanza alikuwa mama mkubwa. Wa pili hakutakiwa kuwa ndugu. Tulimchukua mpangaji wetu wa chumba cha uani, mwalimu wa jiografia, mzaliwa wa kisiwa cha Idjwi, mtu mrefu aliyeongea kidogo kana kwamba maneno nayo huletwa kwa mashua. Alikuwa na jaketi moja la kahawia. Alilivaa kwa misa na, tangu siku hiyo, kwa useja wangu.

Ofisi ya karani ilikuwa na mabenchi mawili yanayotazamana: moja la waombaji, moja la mashahidi. Karani, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliweka karatasi kwenye taipureta, akamtazama mwalimu.

“Unamujua huyu binti?”

“Namujua, papa.”

“Iko na bwana?”

“Hapana.”

“Kuko mwanaume mwenye alisha muomba?”

“Kwa vile mimi najua, hapana.”

Kuomba, kwetu, ni kuposa. Karani akapiga chapa. Mama mkubwa aliulizwa yale yale, naye akajibu kwa urefu zaidi kuliko ilivyohitajika. Alieleza kwamba nasoma nikila, kwamba chumvi yangu haina kipimo, kwamba wanaume si vipofu. Karani aliandika “hapana” mara tatu.

Miezi mitatu ikapita bila jibu. Mtawa alirudi na dawa na maneno mawili: wanasema ngoja.

Watu husema kungoja ni kukaa. Sivyo. Kungoja ni kazi, tena ya kuamka mapema. Mama mkubwa aliifanya kwa njia yake: alipanga sanduku langu siku ile ile faili lilipoondoka, akaliweka nyuma ya mlango ili habari ikifika nisichelewe. Halafu alihitaji taulo, akalitoa sandukuni. Akahitaji mwavuli. Akahitaji zile soksi, miguu yake ilikuwa inapata baridi. Kufikia mwisho sanduku lilibaki na kitu kimoja, koti zito la mitumba la majira ya baridi, kwa sababu hakuna mtu Bukavu aliyekuwa na baridi ya kutosha kulivaa.

Mimi niliacha kuanza mambo. Sikupanda hata kitunguu. Riwaya niliyokuwa nimeibeba kichwani niliiweka kando, nikaandika hadithi fupi tu, za kurasa nne au tano, ili ndege isinikute katikati. Asubuhi nilishuka hadi ukingo wa ziwa, pale ambapo ukungu hukaa juu ya maji kama mtu ambaye bado hajaamua, nikautazama ukiondoka. Siku nyingine uliondoka saa mbili. Siku nyingine saa nne. Angalau uliondoka.

Mwalimu naye alikuwa na njia yake, ingawa sikujua kwamba alikuwa anangoja chochote. Kila alipokwenda Idjwi kuwaona wazazi wake alirudi na mananasi, mawili ya mama mkubwa na moja langu. Aliniazima atlasi yake. Nilipoirudisha, nikaona ameweka alama ya penseli, ndogo sana, kwenye mji wa chuo changu, na umbali kutoka Bukavu kwa kilomita. Nilidhani ni kwa ajili ya wanafunzi.

Cheti cha kwanza kilikufa. Tunasema hivyo kwetu, karatasi inakufa. Habari ya kifo chake ililetwa na phonie, redio ya mawasiliano ya parokia, chumba chenye benchi refu ambapo watu hukaa kusubiri sauti za ndugu zao wa mbali, na kila sauti husikika na wote. Siku hiyo tulikuwa kama ishirini. Mtawa aliongea kutoka ng'ambo, kwa sauti ya kukwaruza, akasema useja wangu umekufa, nilete mwingine, over. Watu wakanigeukia. Mwanamke mmoja aliyengoja habari za mume wake huko Kalemie alinishika mkono, akanipa pole.

Tukarudi komuni. Karani alitupokea na swali ambalo baadaye lilikuwa kama salamu yetu.

“Tangu mara ya mwisho, hakuna kitu yenye ilibadilika?”

Hakuna, tukasema. Jaketi la kahawia likaapa. Mara hii, kwenye swali la tatu, mwalimu alikaa kimya kidogo kabla ya kusema hapana. Nilidhani anasubiri taipureta.

Cheti cha pili kilifia mjini kwetu, hakikuvuka hata mto. Zilikuja siku za kufunga mji, watu wakikataa kufungua maduka na ofisi ili utawala uelewe kwamba hautakiwi, na baada ya hapo mpaka ukafungwa ili sisi nasi tuelewe. Mtawa alipoweza kuvuka tena, karatasi zangu zote zilikuwa marehemu. Chuo kiliandika kuuliza kama bado nina nia. Nilijibu kurasa sita. Mama mkubwa aliniuliza kama zile kurasa zote zinasema ndiyo.

Mara ya tatu, kwenye swali la tatu, kimya cha mwalimu kilikuwa kirefu kiasi kwamba karani aliinua vidole kutoka kwenye taipureta na kumtazama juu ya miwani.

“Mwalimu. Kuko mwanaume mwenye alisha muomba?”

“Hapana, papa. Hajamuomba.”

Karani akaandika. Mama mkubwa alinitazama, halafu akatazama dari, ambako hakukuwa na kitu. Njiani kurudi alisema kwamba kuna watu wanaosoma vitabu vingi na hawajui kusoma. Nilidhani anamsema karani.

Baada ya hapo mwalimu alipunguza kuongea nami, na kwa mtu kama yeye hilo lilihitaji juhudi. Mananasi yaliendelea. Nilianza kugundua kwamba nasikia mlango wa uani unapofunguka saa kumi, anaporudi shuleni, na kwamba hadithi zangu fupi zinaishia karibu na saa hiyo. Sikuliandika jambo hilo popote. Nilikuwa mtu wa kuondoka, na mtu wa kuondoka hana haki ya kusikiliza milango.

Cha tatu nacho kilikufa kikingoja; cheti cha nne tulikifanya mwezi mmoja kabla ya tarehe ya mwisho ya chuo. Tulikuwa tumezoea kiasi kwamba karani alianza kuandika kabla hatujaketi. Mwalimu alijibu maswali yote matatu haraka, akitazama magoti yake, kama mwanafunzi anayetaja mito ya Kongo. Mtawa alikibeba siku ile ile.

Jibu lilifika baada ya miezi miwili na nusu, ndani ya bahasha kubwa pamoja na faili langu lote. Faili likirudi lote, huhitaji kusoma. Nilisoma hata hivyo, mezani, mama mkubwa akiwa upande mmoja na mwalimu amesimama mlangoni, maana mtawa alikuwa amemwona njiani na kumwambia. Tarehe ya chuo ilikuwa imepita. Viza ilikuwa imekataliwa. Mama mkubwa alitaka nitafsiri sababu, nikatafsiri: mwombaji hakuonyesha kwamba ana mtu au jambo la kutosha linalomfunga na nchi yake, kwa hiyo hakuna uhakika kwamba atarudi.

Nje mtu alikuwa anapasua kuni.

“Mara ine nilishuhudia kwamba hauna mutu,” mwalimu akasema. “Waliniamini.”

Kisha akaomba msamaha, akaenda chumbani kwake.

Nililia mara moja tu. Nilitoa koti sandukuni, nikalivaa, nikalia ndani yake, kwa sababu lilikuwa zito na halikupitisha sauti. Nafasi yangu chuoni walimpa mtu mwingine. Natumaini aliandika vizuri. Sijui kama alikuwa mseja. Kwa siku nne sikushuka ziwani, na ukungu uliondoka wenyewe.

Siku ya tano, saa kumi, mlango wa uani ulifunguka, na mwalimu akaja kusimama karibu na kamba ya nguo nilipokuwa naanua. Alikuwa amevaa jaketi. Haikuwa Jumapili.

Alisema ana jambo ambalo amelikalia mwaka mmoja na miezi minne. Nikamuuliza kwa nini hakulisema. Akanitazama kama mtu anayeuliza kaskazini ni wapi.

“Ile swali ya tatu,” akasema. “Kama ningekuomba, ningefanya je kuapa? Cheti kingekuwa uongo. Ungekosa viza juu yangu.”

Niliendelea kukunja shuka ambalo lilikuwa limekwisha kukunjwa. Huyu mtu alinyamaza ili karatasi yangu iwe ya kweli, na karatasi ilikuwa ya kweli, na kwa ukweli wake nilinyimwa. Nilitaka kucheka na nilitaka kumpiga kwa shuka. Nilikuwa bado nina hasira na ubalozi, na sikutaka mtu afikiri kwamba anapewa kilichobaki sandukuni.

“Nitakujibu nyuma ya miezi tatu,” nikamwambia.

Alitafakari. “Unatoa récépissé?”

Hicho ndicho kikaratasi wanachokupa ofisini kuthibitisha kwamba faili lako limepokelewa, na kwa miezi kumi na sita changu nilikuwa nakitembeza ndani ya kitabu cha sala. Nikaingia ndani, nikachana ukurasa wa daftari, nikaandika kwamba ombi limepokelewa na linachunguzwa, nikatia sahihi. Alikisoma mara mbili, akakikunja, akakiweka kwenye mfuko wa jaketi. Mama mkubwa alikuwa dirishani. Alisema kwa sauti ya kutosha kwamba yeye ameshashuhudia ya kutosha, na kwamba miezi mitatu ijayo atakuwa mgonjwa.

Wiki hiyo nilianza riwaya. Nilianza pia kupanga karatasi zilizorudishwa, ili nizichome, na katikati yake nikakuta cheti cha nne, kimetobolewa na pini za ubalozi pembeni, lakini muhuri wake ukiwa mzima. Nikatazama tarehe. Nikahesabu kwa vidole, nikarudia. Kilikuwa bado hai. Kilikuwa kimebakiza siku tisa.

Mtu akitaka kuandikisha ndoa komuni, jambo la kwanza wanalomdai ni cheti cha useja. Ningeweza kutengeneza cha tano, bila shaka, lakini shahidi wangu mmoja alikuwa ametangaza ugonjwa na mwingine hakuweza tena kuapa. Nilikaa na karatasi ile hadi saa kumi. Mlango ulipofunguka nilitoka uani, nikamwonyesha mwalimu, nikamwambia kwamba kinakufa Alhamisi ya wiki ijayo.

Alichukua muda. Jiografia ni somo la polepole.

“Basi tuende kesho,” akasema.

Kesho yake karani alikishika kile cheti mbele ya dirisha, akatazama matundu ya pini, akahesabu siku kwa kidole kwenye kalenda ya ukutani. Alisema katika vyeti vyote alivyoandika tangu vita vianze, hiki ni cha kwanza kurudi. Halafu, kwa mazoea, akauliza kama tangu mara ya mwisho hakuna kitu kilichobadilika.

“Kiko kimoja, papa,” nikasema.

Alifungua mtoto wa meza, akatafuta, akafungua wa pili. Fomu za ndoa zilikuwa zimeisha, alituma mtu ofisi ya mkoa, pengine zingefika leo, pengine Jumatatu. Tungoje. Mimi nikaketi mahali pangu, kwenye benchi la waombaji, kama mtu aliyefika kazini. Mwalimu alielekea benchi la mashahidi, akasimama katikati ya chumba, akageuka, akaja kuketi kando yangu.