Namba ya Siri Iliyoita Sebuleni

Niliingia bafuni, nikafungua bomba ili maji yapige kelele, nikabana pua, nikapiga namba ya siri kumripoti shemeji yangu.

Simu ikaita sebuleni.

Nikakata. Sebuleni kukawa kimya. Nikapiga tena. Sebuleni ikaita tena.

Jamani, msicheke kwanza. Ngoja niwaeleze nilifikaje humo bafuni.

Mimi ni dereva wa gari la ngazi kiwanja cha ndege. Ile ngazi mnayoshukia huku mnapiga picha na kuziba njia, mimi ndiye ninayeileta. Kazi nilitafutiwa na shemeji, mume wa dada yangu, na kwake ndiko nilikokuwa naishi. Nalala kwake, nakula kwake, kazini yeye ndiye bosi. Hata kukohoa nilikuwa nakohoa kwa adabu.

Shemeji alikuwa meneja wa usalama. Kampuni ilipoambiwa lazima iwe na mfumo wa usimamizi wa usalama, yeye ndiye aliyetukusanya karakana na kutuhubiria.

"Ukiona hatari, sema! Hakuna atakayelaumiwa. Na kama unaogopa, ipo namba ya siri. Huulizwi jina, wala hujulikani!"

Tukapiga makofi. Akabandika bango ukutani: HATARI ZILIZORIPOTIWA: SIFURI. Sifuri ile aliipenda kama mtoto wake wa kwanza.

Sasa breki za gari langu zikaanza kuleta mambo. Nakanyaga mara ya kwanza, hamna kitu. Ya pili, hamna. Ya tatu ndiyo zinashika. Siku moja zilishika ngazi ikiwa imebakiza upana wa kiganja kuugonga mwili wa ndege. Abiria mle ndani walikuwa wanashusha mabegi, hawana habari.

Nikamfuata shemeji ofisini.

"Shemeji, lile gari litaua mtu."

"Hapa kazini mimi si shemeji."

"Sawa, bosi. Litaua mtu."

"Wakaguzi wanakuja wiki ijayo. Nikilisimamisha gari, wataona hatuna usalama. Wewe weka kigingi kwenye tairi, vumilia."

"Kigingi kinawekwa gari likishasimama, bosi. Shida yangu mimi ni kulisimamisha."

"Una malalamiko? Fuata utaratibu. Piga namba ya siri."

Basi nikafuata utaratibu. Ndiyo nikajikuta bafuni.

Mara ya tatu simu ya sebuleni ikapokewa, na aliyepokea ni shemeji mwenyewe. Namba yangu nilikuwa nimeificha. Sauti yake ilikuwa laini, sijawahi kuisikia mle nyumbani.

"Usalama ni wetu sote, karibu."

Nikaeleza kila kitu kwa pua iliyobanwa. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaniita ndugu, akanishukuru kwa uzalendo. Akakata.

Kisha nikasikia kelele: "Mama watoto! Kuna mpumbavu mmoja anataka kunichafulia sifuri yangu! Nikimjua, kesho hana kazi!"

Mezani hakugusa chakula. Akaniinamia.

"Shemeji, wewe ndiye dereva wa lile gari, na ulishaniambia uso kwa uso, kwa hiyo si wewe. Nani anakuonea wivu pale kazini?"

"Mmh... sijui."

"Chunguza kimyakimya. Nakuamini wewe tu. Niletee jina."

Ndivyo nilivyokabidhiwa kazi ya kujisaka mwenyewe.

Dada alinitazama, akautazama mlango wa bafuni, akaniongezea mboga. "Maji yamemwagika sana leo," akasema.

Asubuhi akanivizia jikoni. "Mimi nikimwambia, ananijibu hayo ni mambo ya kazini. Wewe ukimwambia kazini, anakujibu piga simu. Ukipiga simu, anakusaka. Sasa nani atamwambia, mdogo wangu?"

Nikaenda kazini, nikaendelea kukanyaga breki mara tatu na kumwomba Mungu mara nne.

Wakaguzi wakafika. Mkuu wao alikuwa mama mmoja mfupi, viatu vimechakaa kwa kuzunguka viwanja. Akasimama mbele ya bango.

"Sifuri? Mwaka mzima?"

"Mwaka mzima," shemeji akajibu, kifua mbele.

"Basi hapa mmeajiri malaika. Au waoga."

Shemeji akacheka, akidhani amesifiwa.

Tukatoka nje. Ndege ikaingia na kusimama. Chini ya mlango wake mafundi wawili walikuwa wameinama, wanakagua tairi. Shemeji akanipungia mkono nilete ngazi, wageni waone.

Nikawasha gari, nikasogea kidogo, nikakanyaga breki kujaribu. Ya kwanza, hamna. Ya pili, hamna. Ya tatu, hamna. Ya nne ndiyo zikashika.

Nikazima gari.

"Siendi."

"Unasemaje?"

"Siendi, bosi."

"Mbele ya wageni? Kama una malalamiko, kuna utaratibu!"

Nilijua nikiendelea, jioni sina kazi wala kitanda. Niliogopa, sitawadanganya. Lakini wale mafundi walikuwa bado wameinama pale, migongo imenielekea, wananiamini.

Nikatoa simu. Safari hii sikuficha namba.

Mfuko wa suruali ya shemeji ukaanza kuita.

Mkaguzi akamgeukia. "Pokea."

Alikuwa karibu yangu kiasi cha kupeana mikono. Akaweka simu sikioni, na kwa mazoea yakamtoka: "Usalama ni wetu sote, karibu."

"Shemeji, ni mimi. Gari la ngazi halina breki. Nilikwambia ofisini. Na yule aliyebana pua pia ni mimi."

Mkaguzi akapanda kwenye gari, akakanyaga breki mwenyewe, akashuka, akautia ufunguo mfukoni mwake.

Jioni nikafunga begi. Dada akaninyang'anya. "Rudi chumbani. Nyumba hii ni yangu pia." Shemeji alikuwa anasoma gazeti lililogeuzwa juu chini.

Hakufukuzwa. Ripoti ilimsifu kwa kupokea simu haraka kuliko kampuni zote zilizokaguliwa. Alipelekwa kozi, akarudi na cheti. Ila namba ya siri ikaamriwa itoke mfukoni mwa bosi, apewe mfanyakazi wa kawaida asiyeogopa.

Nikapewa mimi.

Kikaoni nikasimama, nikatangaza kwa uchungu: mimi kamwe sitamuuliza mtu jina.

Siku ya kwanza tu, narudisha gari la ngazi, breki mpya, simu ikaita. Nikapokea.

"Usalama ni wetu sote, karibu."

Mtu amebana pua. "Kuna dereva wa ngazi anaongea na simu huku anaendesha."

"Wapi?"

"Nyuma ya mkia wa ndege. Anapita mbele yangu sasa hivi."

Nikakanyaga breki. Zikashika mara moja. Nikatazama kulia, kushoto: wapakiaji, mafundi, wasafishaji, kila mtu na shughuli yake.

Na neno la kwanza lililonitoka mdomoni, jamani, lilikuwa hili:

"Wewe nani?"

Akakata.

Funzo ni dogo tu, ndugu zangu. Sote tunataka ukweli usemwe, mradi usituhusu sisi. Anayekwambia unakosea, usimuulize jina. Rekebisha kosa, umshukuru.

Yule aliyenipigia sijamjua mpaka leo. Namtafuta kimyakimya.

Nataka nimshukuru tu.