Aliyesimama Nyuma Yangu

Mimi ni mwalimu wa historia, na sisi walimu wa historia tuna ugonjwa mmoja: tukisoma kitu hatutulii mpaka tupate wa kumsimulia. Mwaka huu nilisoma kwenye simu maisha ya mwanamke mmoja wa Italia, wa zamani zile nchi yao ilipokuwa ndiyo kwanza inaunganishwa, aliyedai wanawake wapige kura wakati hata wanaume wengi wa kwao walikuwa hawajaruhusiwa. Wa kumsimulia niliwapata kikundini, wanawake wenzangu wa chai huku Manga, milimani kwetu Wagusii, nilikoolewa. Laiti ningenyamaza!

Tulikuwa tumekaa uani kwa mjane mmoja jirani yangu, Jumapili alasiri, tunamenya ndizi. Nikawaambia kwamba mama huyo alizaliwa kwenye familia yenye jina, akapelekwa shule ya bweni angali mdogo, akayachukia mafundisho ya huko, maana yalikuwa kushona, kusali na kunyamaza. Alijisomea mwenyewe vitabu vya nyumbani kwao. Bado msichana, akaandika kitabu kusema sheria mpya ya nchi inamfanya mke awe mtoto wa mumewe. Akapeleka ombi bungeni, waheshimiwa wakalidharau. Akapeleka tena. Akazeeka hivyohivyo, akakosana hata na wenzake wa siasa waliomwambia angoje kwanza mambo mengine yaishe, akafa. Wanawake wa Italia walipokuja kupiga kura, yeye alikuwa kaburini zamani.

"Yaani alikufa hajapiga hata moja?" mjane akaniuliza.

"Hata moja."

"Sasa miaka yote hiyo alikuwa anafaidi nini?"

Wakacheka wote. Mimi na mdomo wangu nikajibu kwamba alifaidi kuishi bila kuona haya mbele ya wanaume. Waliacha kucheka. Nilijisikia, haki, nikajiona mimi na yule mama wa Italia tumezaliwa tumbo moja.

Mjane hakuuliza bure. Alikuwa anagombea uenyekiti wa kituo chetu cha kupimia chai, na hakuna mwanamke aliyewahi kukishika. Kituo chenyewe ni banda la mabati tu, lakini sisi wanawake ndio tunaoishi pale. Tunachuma tangu asubuhi, tunashusha magunia, halafu tunalingoja lori la kiwanda mpaka giza linaingia, na choo hakuna. Wanaume wao wanaenda nyuma ya ua. Sisi tunajibana. Msichana mmoja aliyetoka kujifungua juzijuzi alijiaibisha pale mbele ya watu, akaenda nyumbani analia, na mwenyekiti wa sasa akasema wanawake wapunguze chai ya asubuhi. Mjane alitaka vitu viwili, choo na lori lije mapema. Basi.

Kwetu kura ya kituo ni ya mlolongo. Mgombea anasimama mbele, wanaomtaka wanajipanga nyuma yake, karani wa kiwanda anahesabu vichwa. Kila mwenye namba ya mkulima anajipanga, na siku hizi wake wengi tumegawiwa miche na namba zetu. Tulikuwa wengi wa kutosha. Kilichotuogopesha ni mstari wenyewe.

Asiye Mgusii sijui atanielewa. Sisi tuna chinsoni, aibu ya heshima kati ya wazazi na watoto wao, na kwa mke na baba mkwe wake ndiyo kali kuliko zote. Baba mkwe wangu simpi mkono. Haingii nyumbani kwangu. Tukikutana kwenye kijia chembamba, mmoja wetu anaingia kwenye majani ya mtu mpaka mwenzake apite. Miaka yote niliyoolewa sijawahi kumgusa mzee huyu hata kidole. Sasa wewe niambie, mke wa mtu atajipangaje kwenye mstari wa kubanana na wakwe wamejaa uwanja mzima? Ndiyo maana kila mwaka wanawake wanasimama pembeni na namba zao mfukoni, wanasema wamechoka.

"Mwalimu, wewe anza," mjane akaniambia. "Simama nyuma yangu mimi. Wakikuona wewe, watakuja."

"Nitasimama mpaka waniondoe kwa winchi," nikasema. Maneno!

Siku ilipofika nikasimama. Na kweli wakaja, mmoja mmoja, leso wamezikaza kiunoni, macho chini. Wanaume kadhaa nao wakaja. Mstari wetu ukaanza kulingana na ule wa mwenyekiti. Karani, kijana wa mjini asiye na habari na desturi zetu, akapaza sauti: "Fungeni mstari! Shikaneni mabega! Nikiona mwanya nakata hapohapo, walio nyuma siwahesabu."

Ndipo nikamwona baba mkwe wangu akiuvuka uwanja. Mzee huyu haendi mikutanoni siku hizi, magoti hayamruhusu. Nikadhani anaenda kwa mwenyekiti, ni binamu yake. Akaupita mstari wa mwenyekiti, akaja kwetu. Mwanamke aliyekuwa nyuma yangu, kwa adabu, akarudi hatua kumpisha. Mzee akaingia hapo. Nyuma yangu mimi! Nikasikia harufu ya tumbaku yake na pumzi yake ya kupanda mlima.

"Fungeni!" karani akasema.

Mkono ukatua begani mwangu. Mwepesi.

Kule kwa mwenyekiti mtu akapiga mluzi. Mwili uliniwaka kuanzia kisogoni, nikahisi nimevuliwa nguo mbele ya watu. Wala yule mama wa Italia sikumkumbuka, wala mjane, wala choo. Nilitoka. Sikufikiri, miguu ndiyo iliyofikiri. Nilipogeuka nikiwa kwenye ukingo wa uwanja, wanawake walikuwa wanachomoka mmoja mmoja, kila mmoja anaangalia nilikopita mimi, na mstari wetu umebaki na wanaume wachache, mjane mbele kabisa, na mzee nyuma yake, mkono bado ameuinua kidogo kama hajui auweke wapi.

Mwenyekiti akarudi kitini kwa vifijo. Mjane alinipita akielekea kwake, akanisalimia vizuri tu, "Mwalimu." Afadhali angenitukana. Niliingia nyumbani nikajifungia jikoni, nikamwambia mume wangu baba yake amenidhalilisha, na mume wangu, maskini, hakujua atetee upande gani.

Asubuhi yake nikasikia mtu anakohoa uani. Alikuwa mzee. Alisimama mbali na mlango, uso ameuelekeza kwenye migomba, kama inavyotakiwa. Nami nikasimama ndani, nyuma ya mlango ulio wazi nusu.

"Mokamwana," akaniita, yaani mke wa mwanangu. "Umeamkaje?"

"Salama, tata," nikajibu, yaani baba.

"Uliudhika."

Nilikuwa bado na hasira, nikawa nangoja aniombe radhi. Haki ya Mungu, nilikuwa nangoja hilo.

"Mjane alikuja kwangu kabla ya kura," akasema. "Akaniambia wanawake watajipanga, lakini mkwe mmoja tu akija karibu watatawanyika wote. Nikafikiri siku nyingi. Nikaona afadhali mkwe huyo niwe mimi. Wakiniona mzee kama mimi nimemshika bega mke wa mwanangu na dunia haijaanguka, wengine hawatakuwa na la kuogopa."

Kuku walikuwa wanachakura miguuni pake. Akawafukuza kwa fimbo, taratibu.

"Sikulala usiku wa kuamkia kura, mokamwana. Mimi ndiye niliyekuwa naogopa. Nilijua wewe umesoma, hutatikisika."

Nikashikilia mlango.

"Ulipotoka wakanicheka," akasema. "Watoto wa juzi wakaniuliza kama nimekufuata wewe au nimefuata kura. Nami sikuweza kutoka, maana ningetoka wangesema ni kweli nilikufuata wewe. Ikabidi nisimame."

Akageuka kwenda zake. Alipofika kwenye njia alikutana na mke wa mwanawe mdogo akitoka kisimani, na akaingia kwenye majani ya chai, magoti yake yale, akampa kisogo mpaka alipopita.