Mkono wa Mama na Begi la Mgeni

Kwa majuma kadhaa nilikosa usingizi kwa sababu ya mkanda wa begi. Najua jinsi jambo hilo linavyosikika. Watu wa rika langu, wenye shahada na wasio na ajira, wanakeshea mambo mazito zaidi, na hayo mimi pia ninayo. Lakini swali lililonikalia kifuani lilikuwa moja: nimwambie Mjomba, au ninyamaze?

Lilianza na mlio. Ta! Kibanio cha plastiki kikijifunga kiunoni mwangu, njiani kuelekea kilele cha Bondwa. Nilikuwa nimepata kibarua cha kufuatana na wageni waliotoka Dar kupanda mlima, niwabebee baadhi ya vitu na kuwapikia. Kabla ya mlio huo mkono wangu wa kushoto ulikuwa umekufa ganzi kuanzia begani. Vidole vilikuwa kama vya mtu mwingine aliyeniazima. Chupa ya maji ikaniponyoka, ikabiringika bondeni, na Shomari, kijana wa mjini aliyekuwa akituongoza, akacheka.

"Sista, mbona unabeba na mabega? Kwani mabega yana miguu?"

Akanivua begi. Akapanga upya, vizito vikakaa karibu na mgongo. Akaivuta mikanda ya mabegani mpaka begi likanata mwilini badala ya kuning'inia nyuma kama mtoto aliyelala. Kisha akauzungusha ule mkanda mpana wa chini juu ya nyonga zangu, akaukaza. Ta!

"Mzigo unakaa hapo," akasema. "Mabega yanashikilia tu lisiyumbe. Ukiyaachia yabebe yote, mishipa inabanwa, mkono unalala. Fresh?"

Uzito ukateremka kiunoni. Baada ya mwendo mfupi vidole vikaanza kuchomachoma, kisha vikarudi kuwa vyangu. Nikakaa juu ya jiwe nikalia. Shomari, maskini, akadhani amenibana tumbo, akaanza kuulegeza mkanda huku akiniomba radhi. Sikuweza kumweleza. Mlio ule niliujua. Niliusikia karibu utoto wangu wote, ila haukuwa kwenye begi. Ulikuwa kwenye suruali ya Mjomba.

Kijiji chetu kiko juu ya mji, mahali ambapo asubuhi ukungu huingia ndani kama mgeni asiyebisha hodi. Mama alilima karoti, njegere na kabichi kwenye matuta ya mteremkoni, na siku za soko aliteremka nazo mjini. Kwetu mwanamke hubeba kichwani, juu ya ngata ya kanga kuukuu, na Mama alikuwa hodari. Aliweza kushuka na tenga lililojaa huku akimenya chungwa. Kisha masika moja akateleza kwenye utelezi, akaanguka na mzigo, na tangu hapo shingo yake haikukubali tena kitu juu ya kichwa.

Wakati huo alikuwepo kijijini mwanafunzi wa Kizungu aliyekuja kuchunguza vinyonga. Watu walimhurumia, kwetu mtu mwenye akili zake humkimbia kinyonga, hamfuati na tochi. Mama ndiye aliyempikia. Alipoondoka alimwachia begi lake la mgongoni, kubwa, la kijani, lenye harufu ya dawa ya mbu na jasho la kigeni ambayo haikutoka hata lilipofuliwa.

Begi likapelekwa kwanza kwa Mjomba Kibwana, kaka mkubwa wa Mama. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba ndiye mwenye neno: kwenye shamba, kwenye posa, na siku ile hata kwenye begi. Alilizungusha, akalibonyeza mbavu kama mtu anayenunua mbuzi. Mkono wake ukasimama kwenye ule mkanda wa chini.

"Hii mikia ya nini sasa?" akauliza. "Itanasa kwenye vichaka, uanguke tena, Zuhura. Safari hii utavunjika."

Hakuna aliyejua ni ya nini. Begi huvaliwa mabegani. Kila aliyekuwa pale aliliona hilo kwa macho yake. Mjomba akanoa kisu, akaikata mikia yote miwili kwa uangalifu, akachoma ncha kwa moto zisifumuke. Aliifanya kazi ile taratibu, ulimi ukiwa nje kidogo pembeni mwa mdomo, kama mtu anayemtoa mtoto mwiba. Kwa kuwa suruali yake ilishikiliwa na kamba, mkanda ule ukahamia kwake. Ta! Ta! Sisi watoto tulipanga foleni nyuma yake tuubonyeze. Alijifanya kuchukia, lakini alisimama mpaka wa mwisho apate zamu.

Wanawake wa njiani walimchokoza Mama. "Zuhura, siku hizi umekuwa Mzungu?"

"Mzungu anapanda kujifurahisha," Mama alijibu, "mimi nateremka na kabichi."

Wakacheka wote, naye akacheka. Nami nilimfuata nyuma nikiona fahari, maana hapakuwa na mama mwingine aliyevaa mzigo kama koti.

Sasa niwaambie kuhusu nywele zangu. Shule yetu iliruhusu mtindo mmoja tu, twende kilioni, mistari iliyonyooka kutoka kwenye paji la uso hadi kisogoni. Mama alinisuka kila Jumapili mchana, mlangoni, nikiwa nimekaa chini katikati ya magoti yake. Mafuta ya nazi yalikuwa kwenye kifuniko cha chupa, yakiyeyuka juani. Mama hakuwa mwenye maneno ya mapenzi. Hakunikumbatia, hakuniambia mimi ni mzuri. Yote hayo aliyapitisha kwenye vidole, na mimi niliyapokea kichwani. Mara nyingi nilisinzia mate yakinitoka, akanipiga kofi dogo la sikio: "Shingo! Unasukwa au unazikwa?"

Sijui ni lini hasa mistari ilianza kulegea. Nakumbuka tu kwamba shuleni walianza kunicheka. "Kilio gani hicho, kimekata kona?" Sikumwambia, lakini alikuwa na macho. Jumapili moja nilileta kitana na mafuta kama kawaida, nikakaa chini nikangoja. Alishika fungu la nywele, likamponyoka vidoleni. Akashika tena, likamponyoka. Kisha akanisukuma taratibu kwa goti.

"Nenda kwa Mama Salma akusuke. Mimi sina muda."

Mama Salma alikuwa jirani, na alisuka vizuri kuliko Mama. Mikono yake ilinukia vitunguu. Kutoka pale barazani kwake nilimwona Mama, yule asiye na muda, amekaa mlangoni petu hana analofanya. Alikuwa akiukunja mkono na kuukunjua, akiukung'uta kama mtu anayekausha maji. Alikaa hivyo hadi kichwa changu kikamalizika. Jumapili iliyofuata nikatumwa tena kwa Mama Salma, na nyingine, na nyingine.

Moyo wa mtoto hauulizi, unahukumu. Nilihitimisha kwamba nimemchosha. Nilichunguza makosa yangu yote, mtungi niliovunja, uongo kuhusu mbuzi, nikajaribu kuwa mwema zaidi: nilifagia kabla hajaamka, niliacha kulalamika njiani. Hakuna kilichorudi. Ndipo nikajifunza kukaa mbali naye kidogo, ili siku akinisukuma tena isiniume. Mkao huo tulibaki nao. Nilipokuwa kidato cha nne akapata homa iliyomchukua haraka, na mimi nikiwa bwenini. Hatukuwahi kugombana. Tulikuwa tu na nafasi ile katikati yetu, kila mmoja akidhani mwenzake ndiye aliyeiweka.

Haya yote yalinijia juu ya lile jiwe, Shomari akihangaika na mkanda. Sina uhakika, na mimi ni mtu ninayetaka uhakika mpaka unanidhuru. Nimesoma kwenye simu mpaka ikapata moto. Huenda ni begi lisilo na mkanda lililoua mkono wa Mama, huenda ilikuwa shingo, tangu alipoanguka. Huenda ilikuwa vyote viwili. Hakuna daktari aliyeutazama mkono ule, na mwenye mkono hayupo. Lakini nilikwenda nyumbani juma lile, nikamkuta Mama Mdogo Mwajuma, aliyerithi shamba na begi, amekaa mlangoni baada ya soko. Alikuwa akiukunja mkono na kuukunjua.

Hapo ndipo usingizi uliponihama. Nikimwambia Mama Mdogo, Mjomba atajua. Ni mzee sasa, macho yamefifia, na mkanda wenyewe uliozea zamani kwenye mguu wa mbuzi aliyefungwa nao. Akikaa na watu bado husimulia alivyomtengenezea dada yake begi alipoumia shingo. Katika maisha yenye shida nyingi, hilo ni jambo mojawapo analolijua kuwa alilifanya vizuri. Nani amenituma nimpokonye? Na nikinyamaza, ni mkono wa nani unaolipia ukimya wangu?

Nilizungusha maswali hayo hadi nikajichoka. Kisha siku moja asubuhi niliamka, nikanunua mkanda mpana pale mjini, nikampelekea fundi viatu aushone na sponji ndani, nikapanda nao mlimani. Nilimkuta Mama Mdogo anajaza karoti. Tukaweka zilizo nzito karibu na mgongo, tukafupisha mikanda ya mabegani, tukaushona mkanda kwenye begi kwa sindano ya magunia, nikamfunga.

Akatembea uani, akarudi, akajigusa nyonga. "Kumbe ni kibwebwe!" akasema. "Si mngesema tu ni kibwebwe!"

Mjomba alikuwa barazani, akisikiliza zaidi kuliko kutazama. Akaniita. Akanyoosha mkono, akakipapasa kipande cha mkanda kilichobaki mkononi mwangu, akapima upana wake kwa vidole.

"Lile begi lilikuja na kitu kama hiki," akasema.

"Ndiyo, Mjomba."

"Na mkono wa Zuhura..." Hakuimaliza sentensi. Akageuza uso kuelekea ilikotoka sauti yangu.

Nilikuwa nimetayarisha majibu mengi, yenye huenda na labda, yenye haki kwa kila upande. Nikaona vidole vyake bado vimeking'ang'ania kile kipande. Nikafikiri juu ya Mama, aliyeona bora niamini hana muda kuliko nijue hana mkono. Niliichukulia kauli ile kuwa mlango uliofungwa. Hata siku moja sikuwaza kwamba yeye alikuwa nyuma yake ameuzuia kwa bega, ili hofu isinifikie.

"Mama alianguka, Mjomba," nikasema. "Ilikuwa shingo."

Akashusha pumzi. "Shingo," akarudia. Akakiachia kipande cha mkanda.

Mama Mdogo alikuwa ameshaanza kuteremka, mikono yote miwili mitupu, akiirusha mbele na nyuma. Nikamuaga Mjomba, nikamfuata.